Kurasa za Kuogeshwa

Niseme ukweli mapema. Kitabu hicho kilinitia kinyaa, na mpaka leo nikikumbuka zile kurasa mate yananijaa mdomoni kama mtu aliyemeza nzi. Watu wakinisikia nasema hivyo wanashangaa, maana mimi na vitabu tulikuwa marafiki. Nilipomaliza kidato cha nne, na alama zangu zikiwa za kusukumasukuma, nilikwenda Shume kuosha karoti. Saa ya kupumzika nilikuwa nakaa juu ya magunia nasoma riwaya yoyote iliyopita mikononi mwa watu, hata iliyokosa jalada. Nililia kwa ajili ya watu wa kwenye vitabu. Kuna msichana mmoja wa kwenye riwaya nilimwombea kanisani kabisa, nikamtaja kwa jina wakati wa sala ya kimya, halafu nikakumbuka kwamba hayupo duniani.

Ndoto yangu ilikuwa kusimama mbele ya darasa na chaki mkononi, nifundishe Kiswahili. Kwa hiyo nikajiandikisha kufanya mtihani wa kidato cha sita kama mtahiniwa wa kujitegemea. Tulisomea Lushoto mjini, alasiri tatu kwa wiki, kwenye chumba walichokitumia watoto wa shule ya Jumapili. Viti vilikuwa vya watoto kweli. Ukikaa, magoti yanakufika kidevuni. Tulikuwa wanane, watu wazima wote, tumejikunja hivyo kama kuku kwenye tenga, na ukutani mwana-kondoo wa rangi ya maji anatutazama.

Nyumbani nilikuwa naishi na mama, na bibi, mama mzaa baba. Baba alishafariki. Mama alikuwa na meza ya kabichi na hoho sokoni, anatoka alfajiri. Bibi alikuwa kitandani. Kiharusi kilimpata mwaka uliotangulia, upande wa kulia ukafa, na maneno yakaondoka nao. Yaani bibi yangu huyo, aliyekuwa anaweza kugombana na mbuzi kwa Kishambaa na kwa Kiswahili mpaka mbuzi akaondoka, alibakiwa na macho na mguno mmoja tu. "Mm." Njaa ilikuwa mm, baridi mm, ndiyo mm, hapana mm. Sisi ndio tulikuwa tunachagua maana.

Kumwogesha ilikuwa kazi yangu. Kila siku saa nne asubuhi, ukungu ukishapanda na jua likigusa dirisha, nilipeleka beseni la maji ya moto, sabuni, kitambaa na mafuta ya mgando. Namvua, namsafisha, nambadilisha pampasi, namgeuza, naangalia mgongo usije ukatoa vidonda. Na muda wote huo nilikuwa naimba. Mapambio, nyimbo za kwaya, hata matangazo ya redio. Nilikuwa namsimulia habari za mtaani na kumtania. "Leo bibi unanukia kama bibi harusi!" Kila mtu alisema nina kipawa cha kuuguza, na mimi niliamini.

Sasa, kitabu.

Mwalimu wetu alikuwa mtu wa Tanga mjini, mwembamba, anavaa sweta mbili na bado anatetemeka. Alituambia riwaya hiyo imeandikwa kwa mbinu ya mkondo wa fahamu. "Mwandishi hasimulii matukio. Anaingia kichwani mwa mtu, anaandika kila kinachopita, kama kinavyopita."

Seremala mmoja aliyekuwa anashuka kutoka Shume akiwa bado na unga wa mbao kwenye nyusi akainua mkono. "Mwalimu, samahani. Nimetazama ukurasa wa kwanza mpaka wa tano. Nukta ziko wapi?"

"Hakuna nukta."

"Zimesahaulika?"

"Kichwani mwako kuna nukta?"

"Kwangu zipo," seremala akasema. "Nikiwaza chakula nawaza chakula. Nikimaliza, nukta."

Tulicheka mpaka mwalimu naye akacheka. Mmoja wetu, dereva wa bodaboda ambaye alikuwa hakai darasani bila kuning'iniza kofia ngumu kwenye goti, akasema kama vichwa vya watu vikiandikwa hivyo yeye atahama wilaya.

Kitabu chenyewe kilikuwa kimoja, cha mwalimu. Tukafanya kama wanafunzi wote wa kujitegemea wanavyofanya. Tulikitoa nakala kwenye duka la vifaa vya ofisi, halafu tukakigawana vipande. Wanane, vipande vinane. Kila mtu anasoma chake, anakuja kuwasimulia wenzake, na wote tunaandika kwenye daftari kana kwamba tumesoma kitabu kizima. Mtihani haukuulizi kama umesoma. Unakuuliza dhamira na ujumbe. Seremala alipewa mwanzo. Dereva alipewa mwisho. Mimi nikapewa kipande cha nne, kurasa za katikati, na mwalimu akaniambia, "Hapo ndipo penye moyo wa kitabu, dada. Nakuamini."

Nilizisoma siku hiyo hiyo, nimekaa kwenye ngazi za nyumba, bibi amelala ndani.

Riwaya ilikuwa ya mzee mmoja, zamani karani wa mahakama, sasa amepooza na hasemi. Amelala chumbani kwa mtoto wake na mkwewe ndiye anayemuuguza. Kipande changu chote, kurasa kumi na tisa, kilikuwa ni yeye kuogeshwa. Mara moja tu. Kurasa kumi na tisa za kuogeshwa mara moja, na sisi tumo kichwani mwake tangu kitambaa cha kwanza mpaka cha mwisho.

Sitaandika yote. Mengine siwezi. Lakini mzee huyo alikuwa anasikia harufu yake mwenyewe na anaieleza polepole, kama mtu anayeonja mboga. Alikuwa anaujua kila mkunjo wa mwili wake, kilichokauka na kilichonata. Alikuwa anaukumbuka mwili wa marehemu mke wake hapo hapo, akiwa amegeuzwa ubavu na mikono ya mkwewe. Nilifunga kurasa, nikatema mate kwenye maua ya mama. Nikasema, huyu mwandishi hana mzazi? Nani kamwambia tunataka kujua haya? Nyumba ina choo, na choo kina mlango, mambo mengine yameumbwa yafanyike na yanyamaziwe.

Halafu nikarudi kusoma, na hapo ndipo kikanipata mimi.

Mzee alikuwa anamchukia mkwewe. Si kwa sababu alikuwa anamtesa. Alikuwa mwema! Alikuwa anamsafisha vizuri, kwa maji ya moto, anaongea naye kwa sauti ya furaha. Na mzee kichwani mwake alikuwa anaihesabu pumzi ya huyo mkwe. Alijua kwamba mkwe anapofika sehemu fulani anaacha kupumua kwa pua, na kwamba hapo hapo ndipo anapoanza kuongea kwa furaha zaidi. Alijua ile furaha ni ya nini. Alikuwa anaiona kama kitambaa kingine, cha kujifunikia huyo mwanamke mwenyewe.

Niliziweka kurasa chini. Jua lilikuwa bado lipo, jirani anapasua kuni, na mimi nimeshindwa kuendelea.

Kwa sababu nilikuwa najua ni wapi mimi naanza ubeti wa pili.

Sijawahi kumwambia mtu hili. Nilikuwa nahisi kinyaa. Kila siku. Nampenda bibi yangu, aliyenilea mgongoni, na kila siku nilipofungua pampasi koo lilikuwa linaruka na mimi nikawa naliweka sawa kwa wimbo. Nilidhani ni siri yangu na Mungu. Sasa kitabu kinaniambia kwamba aliyelala pale anajua. Swali likanikaa kifuani kama mfupa: bibi naye anawaza hivi? Mikono yangu hii, ambayo kila mtu anaisifu, inamchukiza?

Kesho yake asubuhi nilikwenda na beseni kama kawaida, nikamtazama machoni. Akanitazama.

"Bibi, nikuogeshe?"

"Mm."

Ndiyo? Hapana? Nikaimba. Sauti ikatoka kama ya mtu aliyebanwa na mlango. Nilipofika pale, nikasikia pumzi yangu mwenyewe inahama kutoka puani kwenda mdomoni. Nilitaka kulia kwa hasira. Nilikuwa nimeharibiwa. Kabla ya kitabu nilikuwa naosha tu, sasa nilikuwa naosha na kujisikia naosha, na kila kona ya mwili ule imekuwa ukurasa.

Alasiri ya kusimuliana vipande ikafika. Nilikuwa nimejiandaa kusema kitabu ni uchafu, kitolewe. Nikasimama.

"Mwalimu, mimi kitabu hiki sikitaki. Kichafu."

"Kichafu wapi? Tusomee hapo penye uchafu."

Wote wakanigeukia. Mama mmoja mwenye mtoto mchanga, aliyekuwa anatoka njia ya Bumbuli na kunyonyesha huku anaandika, akasema, "Soma, mdogo wangu, sisi si watoto." Dereva akavua kofia kabisa kwa heshima. Nikatazama kurasa zangu. Nikamtazama mwana-kondoo ukutani. Ningesomaje vile mbele ya watu ambao nikikutana nao njiani nawaamkia?

Nikadanganya. Nikasema kipande cha nne kinaeleza jinsi mkwe anavyomhudumia mzee kwa upendo, anamwogesha, anamfariji kwa maneno mazuri.

"Ujumbe?" mwalimu akauliza.

"Tuwatunze wazee wetu."

"Safi sana." Akaandika ubaoni: UPENDO KATIKA FAMILIA. Chini yake: NAFASI YA MWANAMKE KAMA MLEZI. Wenzangu saba wakainamisha vichwa wakaandika. Nilisikia kalamu zinavyokwaruza, nikasikia kinyaa kikubwa kuliko nilichokisikia kwenye ngazi. Kile kitabu kilikuwa na uvundo, lakini ulikuwa wa mtu. Huu wa ubaoni haukuwa na harufu yoyote, na mimi ndiye niliyeupika.

Kumbe sikuwa peke yangu. Nilianza kuwasikiliza wenzangu kwa sikio jingine. Seremala alisimulia mwanzo kwa dakika tatu, mzee anaugua, nukta. Yule mama mwenye mtoto alifika mahali akaguna, akaruka, akasema, "Hapa anakumbuka ujana wake, basi." Kila mtu alikuwa amekiogesha kipande chake nyumbani kabla ya kukileta.

Mwisho akasimama dereva wa bodaboda. Huyo alisimulia vizuri! Alisema mzee, siku ya mwisho, anamwita mkwewe kwa macho. Anajuta moyoni kwa mawazo mabaya yote aliyomwazia. Mkono wake unapata nguvu ghafla, anauweka juu ya kichwa cha mkwewe, anambariki, anakata roho. Mama mwenye mtoto akafuta macho. Mimi nililia waziwazi, kamasi na yote. Nilikuwa nimepewa dawa. Kumbe yanaisha! Kumbe anayeogeshwa mwishoni anaelewa!

Kwa siku kadhaa nilimwogesha bibi nikiwa nashika ile baraka kama mtu anavyoshika ukuta gizani. Nikiona macho yake yamekwenda ukutani najiambia, subiri, mwisho upo.

Lakini nilitaka kuyasoma mwenyewe hayo maneno. Nikamwomba dereva kurasa zake.

"Nitakuletea, dada."

Hakuleta. Nikamwomba tena.

"Ziko kwa mke wangu."

"Wewe una mke?"

"Ndiyo maana haziji haraka."

Mara ya tatu nilimkuta kijiweni mchana, anafuta pikipiki yake huku wenzake wanakula mapeasi na kutema maganda. Nikasimama mbele ya tairi.

"Kurasa."

"Oya, unadaiwa nini leo?" mwenzake mmoja akamtania. "Dada wa watu kavaa mpaka uso wa wadai mikopo wa ushirika."

Akainua kiti cha pikipiki. Zilikuwa chini pale, zimekunjwa mara nne, zina alama ya mafuta ya mnyororo. Alinipa bila kunitazama. "Ila dada, usije ukanisema kwa mwalimu. Mimi nilisoma kurasa mbili tu, kichwa kikauma."

"Na ile baraka? Mkono kichwani?"

"Ah. Si riwaya zote zinaishia hivyo? Mtu anajuta, anakufa. Nikaona niwaweke sawa." Akanitazama, akaona uso wangu, akaacha kucheka. "Samahani, dada. Nilikuona unalia pale, nikasema angalau nimefanya kitu kizuri."

Sikuweza kumkasirikia. Ningemkasirikia kwa lipi, na mimi wa kipande cha nne?

Nilizisoma nikiwa nimesimama nyuma ya vibanda vya soko, kwenye harufu ya kabichi zilizooza. Hakuna baraka. Hakuna majuto. Hata kufa hafi. Kurasa za mwisho mzee anaogeshwa tena, siku nyingine, na wageni wamekuja. Ndugu wa mkwe. Mkwe hakufunga mlango. Anaendelea kumwogesha huku anacheka nao, wao wamesimama mlangoni wanasema mzee ana bahati, na mzee yuko uchi mpaka kiunoni, mkono wake umeinuliwa na mkwe ili kwapa lioshwe. Mzee hana chuki tena, hana hata wazo refu. Anachokiwaza ni mlango. Kurasa mbili nzima za mlango. Ufungwe. Mtu aufunge. Na kitabu kinaishia hapo, katikati, bila nukta, mlango uko wazi.

Nilitapika. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Mama mmoja mwenye matenga ya nyanya akanipa maji, akaniuliza kama nina mimba.

Sikuwa na mimba. Nilikuwa nimekumbuka Alhamisi.

Huku kwetu mgonjwa anatembelewa. Akina mama wa usharika walikuwa wanakuja kila Alhamisi baada ya maombi, wanapanda kilima cha kwetu na baridi yote, wana sukari na sabuni kwenye vikapu. Wanafika saa nne na kitu. Wanapiga hodi moja, na kabla hujaitikia wameshaingia mpaka chumbani. Nani atawazuia? Ni wanawake, ni wazee, wamekuja kwa upendo. Walikuwa wananikuta katikati ya kazi. Na mimi sikuwahi kusimama. Tena, na hili ndilo linalonichukiza kuliko yote, Alhamisi nilikuwa nachelewa kidogo kuanza. Nilikuwa napenda wanikute. Niko na beseni, mikono imejaa povu, naimba, nao wanaupokea wimbo wakiwa wamesimama kuzunguka kitanda. "Bibi huyu kapata malaika," kiongozi wao, tuliyemwita mama mkubwa, alikuwa anasema. Na bibi yuko katikati yetu, amegeuzwa ubavu, kitenge kiko miguuni.

Siku zile macho yake yalikuwa yanatazama wapi? Nilijaribu kukumbuka, sikuweza. Nilikuwa nawatazama wao.

Jioni ile nilimuuliza mama, wakati anahesabu hoho zilizosinyaa azitoe. "Mama, unadhani bibi anaona aibu nikimwogesha mbele ya wageni?"

"Wageni gani? Akina mama wa kanisani?"

"Ndiyo."

"Mgonjwa aone aibu ya nini? Wanawake wenzake wale. Hao ndio watakaomwosha siku ya mwisho." Akanitazama. "Ni hicho kitabu chako, eh? Tangu umekianza una uso kama umelamba ndimu."

"Kichafu, mama."

"Basi kiache."

"Nina mtihani."

"Basi kisome usikilete nyumbani."

Lakini kilishafika.

Alhamisi iliyofuata niliwahi. Saa tatu na nusu maji yalikuwa tayari. Nikaingia, nikasukuma mlango wa chumba, nikaona hauna kitasa. Haujawahi kuwa nacho. Katika nyumba yetu yote mlango wenye kitasa ulikuwa wa mbele tu. Nikavuta sanduku la nguo, nikaliegemeza. Bibi alisikia lile sanduku linavyokwaruza sakafu, akageuza kichwa. Kichwa chake kugeuka ilikuwa kazi kubwa, na alikigeuza chote.

"Leo siimbi," nikamwambia.

Nikachovya kitambaa.

Nikaanza. Bila wimbo kile chumba kilikuwa kikubwa ajabu. Nilisikia maji yakidondoka, nilisikia pumzi yake na yangu. Harufu ilikuja na mimi nilikuwa sina pa kujificha, nikaivuta kwa pua kama ilivyo. Ilikuwa mbaya. Sitaki kuandika kwamba upendo uliifanya iwe nzuri, sitaki mtu aende akaandike ubaoni. Ilikuwa mbaya na machozi yalinitoka. Bibi alikuwa ananiangalia.

"Inanuka, bibi," nikasema. Ilinitoka tu. Nilitaka kuimeza, ikawa imeshakwenda. "Inanuka, na mimi nasikia kinyaa. Nisamehe. Nilikuwa naimba kwa sababu hiyo."

Uso wa bibi nusu yake haukuwa unatembea. Nusu nyingine ikafanya kitu ambacho sikuwa nimekiona tangu kiharusi, mdomo ukajivuta upande, pua ikakunjamana. Alikuwa anakunja uso kwa kinyaa. Ule uso wake wa zamani, wa kukuta mbuzi amekunya kwenye unga. Haukuwa kwangu. Aliyashusha macho kwenye pampasi pale chini, halafu akayarudisha kwangu, kama mtu anayeuliza, na mimi unadhani sisikii?

Hapo nje ikapigwa hodi.

"Hodi wenyewe! Tumefika!" Na viatu vikaanza kuingia, namsikia mama mkubwa anahema kwa kilima. Mkono ukasukuma mlango wa chumba, sanduku likagoma.

"We mwanangu! Kuna nini humo?"

"Shikamooni," nikasema kwa ndani. Hakuna mtoto wa Kishambaa anayeamkia wazee kupitia mlango uliofungwa. Nilijua hilo wakati nasema.

Viatu vikasimama. Halafu, kwa uzito, "Marahaba. Fungua basi."

"Namwogesha bibi. Naomba msubiri sebuleni."

"Si tumezoea? Sisi wote wanawake hapa."

"Naomba msubiri, mama."

Nikasikia wananong'ona kwa Kishambaa. Mmoja alisema shule imenipanda kichwani. Mwingine akasema labda nimemwangusha mzee nimemuumiza, ndiyo maana naficha. Hao ndio waliochanga baba alipofariki. Hao ndio watakaosema kesho sokoni mbele ya meza ya mama. Nilikuwa nimeshika kona ya sanduku tayari kulivuta, kusema kweli. Nilikuwa naelekea kufungua.

Kitambaa kikanitoka mkono wa pili, uliokuwa karibu na kitanda.

Nilidhani kimeanguka. Bibi ndiye aliyekivuta. Mkono wake wa kushoto, ule uliobaki, ambao sisi tulikuwa tunauweka kifuani kila asubuhi kama tunavyopanga mto, ulikuwa umefika pembeni ya kitanda umeking'ang'ania. Nikakiachia. Akakiburuta juu ya shuka, maji yakimwagika kila mahali, mpaka tumboni. Akapumzika. Halafu akaanza kujiosha mwenyewe. Vibaya, jamani. Alikuwa anapaka maji mahali pamoja, anapoteza kitambaa, anakitafuta kwa vidole. Nikanyoosha mkono kumsaidia.

"Mm," akasema.

Ile niliielewa. Nikarudisha mkono.

Nikashika beseni nikalisogeza karibu na vidole vyake, nikageuka, nikampa mgongo. Nikawa natazama mlango. Nyuma yangu nilisikia kitambaa kinaingia kwenye maji, kinatoka, kinadondosha, na pumzi yake nzito kama ya mtu anayepanda kutoka Mnazi, kule bondeni, na mzigo kichwani. Ilichukua muda mrefu. Maji lazima yalikuwa yamepoa. Sebuleni walianza wimbo, wakauacha baada ya ubeti mmoja kwa sababu hakuna wa kuupokea.

Kisha mlango ukagongwa tena, safari hii taratibu, kwa kidole.

"Bado?" mama mkubwa akauliza.

Nikasikiliza nyuma yangu. Kitambaa kilikuwa bado kinatembea.

"Bado," nikasema.